Bukta Iliyopimwa kwa Kusimama

Ukimwambia mtu aliyesimama wima anyanyue mkono mbele, usidhani mkono ndio unaoanza. Mkono unakuja wa tatu au wa nne. Kwanza kisigino kinakandamiza chini, halafu nyama ya nyuma ya mguu inakaza, halafu mgongo unajivuta kama kamba ya ndoo, ndipo mkono utoke. Mwenyewe hana habari. Ukimuuliza atakwambia nimenyanyua mkono, basi. Mimi najua kwa sababu maisha yangu yote nimekuwa na futi ya kupimia kwenye migongo ya watu, na vidole vya fundi vinasikia mambo ambayo mwenye mwili hayasikii.

Shule niliishia darasa la tatu, na chuo cha Kurani nilifika katikati nikatoroka, kwa hiyo haya sikuyasoma popote. Nimeyashika kwa mkono. Na ninayaandika kwa sababu mwaka wa tisini na mbili niliyatumia vibaya, pale mtaani kwetu Nyamirambo, nikiwa kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye wivu mwingi kuliko nywele. Nywele zimekwisha. Wivu ninao bado, kama mtakavyoona.

Baraza la ushonaji lilikuwa la baba mdogo wangu. Cherehani nne zilipangwa mstari zikitazama barabara, ya kwangu ya mwisho karibu na mfereji, kwa hiyo siku ya mvua mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kulowa miguu. Ukoo wetu ni wa kuchanganyika: babu mzaa baba alikuja na wafanyabiashara waliotoka Ujiji, upande wa mama ni watu wa milimani humu humu. Baba mdogo alichukua kimo cha Ujiji, yaani kifupi, na ukimya wa milimani.

Alikuwa na namna yake ya kupima ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Hakumpima mtu akiwa amesimama. Alimpima akiwa katika kazi yake. Dereva alimkalisha kwenye stuli, akamwambia ashike usukani ambao haupo. Mwalimu wa chuo aliambiwa arukuu, ndipo kanzu ipimwe nyuma. Mtu wa kubeba mizigo kwa baiskeli alinyanyua goti mpaka kifuani. Wateja wapya walicheka wakidhani mzee anawachezea. Siku moja alikuja karani wa ofisi, baba mdogo akamkalisha mezani, akasubiri mwili ukae kama unavyokaa ukiwa kazini. Karani akasinzia. Baba mdogo akampima hivyo hivyo amelala, na ile suruali ndiyo iliyomkaa vizuri kuliko zote alizowahi kushonewa, alisema mwenyewe.

"Mtu haharibu nguo akiwa amesimama," baba mdogo alikuwa akituambia. "Anaiharibu akifanya kitu." Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya baraza, na hakuna aliyeivunja. Mpaka mimi.

Sasa nieleze uwanja. Nyuma ya nyumba yetu kulikuwa na kipande cha udongo mwekundu, kimesawazishwa kwa majembe na kushindiliwa kwa miguu ya watu, na hapo ndipo tulipocheza mpira wa wavu baada ya sala ya alasiri. Wavu ulikuwa wa baba mdogo, aliusuka mwenyewe kwa kamba za nailoni, na kwa kuwa wavu ni wake timu nayo ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyepanga nani asimame wapi. Miaka ile vita ilikuwa huko kaskazini, barabarani kulikuwa na vizuizi vya askari na kila siku vyama vipya, na watu walianza kutazamana kofia kabla ya kutazamana nyuso. Baba mdogo alipiga misumari kwenye nguzo ya baraza. Ukija kucheza, kofia ya chama chako unaitundika pale, unaingia uwanjani na kichwa kitupu. Siku ya mechi ile nguzo ilikuwa na rangi kuliko duka la vitambaa.

Na mimi nilikuwa na sehemu yangu. Kona ya kushoto mbele, karibu na wavu, hatua nne kwa hatua tatu za udongo mwekundu. Pale ndipo mpira unapotengwa juu, wewe unakuja mbio, unaruka, unaupiga chini upande wa pili. Sikuwa na kitu kingine. Nyumba ilikuwa ya baba mdogo, cherehani yake, hata kitanda changu alikinunua yeye. Lakini jioni watu wa mtaa wakisimama ukingoni, kuna sauti fulani walikuwa wakiitoa nikiwa hewani, kama watu wanaovuta chai ya moto. Ile sauti ilikuwa yangu. Mama yangu alikuwa akiacha kuchoma chapati aje kuisikiliza.

Kisha akaja mtu wa Bujumbura.

Alikuwa mpwa wa mwenye duka la vyakula, ng'ambo ya barabara, mkabala na cherehani yangu kabisa, ili nisikose kumwona. Alitokea Buyenzi, mtaa wa huko Bujumbura, akaletwa kubeba magunia ya sukari na maharagwe. Mrefu kidogo kunizidi, si sana, naomba hilo lieleweke. Shingo ndefu. Alikunywa chai akiwa amesimama, mguu mmoja umekunjwa nyuma ukutani kama korongo, na wasichana waliokwenda kununua chumvi walianza kununua chumvi kila siku. Sijui nani alikuwa anakula chumvi yote ile.

Siku ya tatu alivuka barabara, akaomba kucheza. Baba mdogo akamweka nyuma. Mpira mmoja ukapotea, ukaja kwake juu juu, naye akaruka.

Nataka niseme ukweli, maana nimezeeka na uongo unachosha. Nilipomwona hewani nilijua nimezidiwa. Si kwamba aliruka juu kuliko mimi. Aliruka juu na kukaa. Mimi nilikuwa napanda na kushuka kama sindano. Yeye alipanda, akatazama, akachagua, akapiga, ndipo akakumbuka kushuka. Watu wakatoa ile sauti. Nikamtazama mama yangu, na yeye alikuwa anaitoa.

Jioni ile mama aliniambia, akinimiminia chai, kwamba yule kijana anaruka kama ardhi imemchoka. Nikamwambia chai haina sukari. Akasema ina sukari. Ilikuwa na sukari.

Tangu siku hiyo nikawa simtazami mtu mwingine. Nilishona huku namtazama ng'ambo, nikajidunga kidole mara mbili kwa wiki. Nilitaka kujua anakopata. Niliwahi kuwa na babu mzaa mama ambaye ujanani aliruka urukiramende, ule mchezo wa kale wa kuruka juu ya ufito, unakimbia, unakanyaga kichuguu kidogo, unapita hewani. Babu alikuwa akisema watu wote wanatazama ufito, na ufito hauna habari yoyote. Ukitaka kujua mtu atapita au hatapita mtazame anapokaribia kichuguu, akiwa bado chini. Babu alikufa na magoti mabaya, alikuwa anashuka kitandani kwa kushikwa mikono miwili, lakini akizungumzia kichuguu miguu yake ilikuwa ikitikisika chini ya blanketi.

Basi nikaacha kumtazama yule mtu akiwa hewani, maana kulinitia ugonjwa, nikamtazama akiwa chini. Na nikaona. Kabla magoti hayajapinda, nyonga zake zilirudi nyuma, kidogo tu, kama mtu anayetafuta kiti gizani. Mikono ikaenda nyuma pamoja nazo. Kifua kikainama mbele kusawazisha. Kisha akazama, akazama chini kuliko sisi wote, makalio karibu yafikie magoti, na kutoka kule chini ndiko alikopata urefu wake. Sisi tulikuwa tunaruka kutoka juu. Yeye alikuwa anashuka kwenda kuuchukua mruko.

Nikajaribu. Nikiwa peke yangu uani asubuhi nilizama kama yeye, nikaruka, nikaanguka kwenye beseni la nguo. Mwili wangu haukukubali. Ule mzamo ulikuwa wake, kama sauti ya mtu ilivyo yake.

Si mimi peke yangu niliyeona. Tulicheza na timu ya mafundi wa magari wa mtaa wa Remera, kule kwao, yeye akiwa ameshapewa kona yangu, na walikuwa na mtu mmoja mrefu wa kuzuia, mikono kama ngazi. Seti ya kwanza yule wa Bujumbura alimchoma alivyotaka. Seti ya pili yule mrefu akagundua. Akawa hatazami mpira tena, anatazama nyonga. Zikirudi nyuma tu, naye anaruka, na mikono yake inakuwa juu ya wavu inamsubiri. Tukafungwa. Njiani kurudi wenzangu walinuna. Mimi nilikuwa na furaha ambayo ilibidi niifiche kwa kujifanya naumwa jino.

Mechi ya kurudiana ingekuwa kwetu, Jumapili ya wiki iliyofuata. Nilikuwa na hakika kona itarudi kwangu. Baba mdogo akaja kwenye cherehani yangu, akasimama, akachezea mkasi wangu. Aliniambia bila kunitazama.

"Jumapili kushoto anasimama yeye. Akishindwa seti ya kwanza, unaingia wewe."

"Lakini baba mdogo, wale wameshamsoma."

"Ndiyo maana nimesema akishindwa."

Halafu akaweka mbele yangu kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye oda ya mapazia, akasema timu nzima ipate bukta mpya za rangi moja. Wenzangu wawili wa barazani wangeshona za wengine. Mimi nishone yangu, ya mtu wa nyuma mmoja, na ya yule wa ng'ambo ya barabara.

Kitambaa cha pazia, kwa asiyejua, hakivutiki. Unakikata kilivyo, kinabaki kilivyo. Ndiyo maana bukta ya mtu anayeruka, kwa kitambaa cha namna ile, lazima umpime akiwa amezama. Unamwambia achuchumae kama anataka kuruka, unapitisha futi kutoka kiunoni nyuma, chini ya makalio, mpaka kiunoni mbele, na unapima paja likiwa limejaa. Kutoka kusimama mpaka kuzama kitako kinaongezeka karibu upana wa kiganja. Usipompa hicho kiganja, akisimama utaona bukta imemkaa vizuri sana. Akizama, itamshika.

Yule mtu alivuka barabara saa tano asubuhi na unga wa ngano mabegani. Nyumba ilikuwa na watu wachache, baba mdogo alikuwa amekwenda mjini kununua nyuzi.

"Fundi kubwa," akasema. Alikuwa na tabia ya kunipandisha cheo. "Mimi iko tayari. Nisimame namna gani?"

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Angesimama bila kuuliza, labda ningejitetea mpaka leo kwamba nilisahau. Lakini aliuliza. Nilikuwa na futi shingoni, na nikakumbuka mama yangu na ile sauti yake.

"Wima," nikamwambia. "Wima kabisa. Usipumue."

Nikampima. Nilipopitisha futi nyuma ya kiuno nilimwambia anyanyue mkono wa kulia, nikausikia mgongo wake ukijiandaa kabla ya mkono, kimya kimya, safi, kama cherehani mpya. Watu wengi mgongo unakurupuka. Wake uliamka polepole ukijua kabisa kitakachotokea. Nilichukia mpaka namba niliiandika vibaya, ikabidi nimpime tena. Akasimama tena wima, mpole, akiniambia habari za dada zake wa Buyenzi na kwamba mmoja angenifaa.

Niliikata siku ile ile. Sijawahi kushona nguo nzuri kama ile. Mshono wa katikati niliupitisha mara tatu ili usije ukaachia, maana nilijua kama ungepasuka watu wangecheka na yeye angecheka nao, kisha angezama anavyotaka na bukta iliyopasuka, na ningekuwa nimemfanyia wema. Sikutaka ipasuke. Nilitaka ishike. Hivyo ndivyo wivu unavyokuwa, unakupa ufundi ambao hukuwa nao.

Jumapili watu walijaa mpaka juu ya ukuta wa jirani. Kofia zilitundikwa, misumari haikutosha, nyingine zikawekwa juu ya cherehani yangu. Watu wa Remera wakashuka kwenye gari lao na yule mrefu wao, akanyoosha mikono mbele ya wavu wetu kama anaupima yeye pia. Mimi nilikaa kwenye benchi, bukta yangu imepimwa kwa kuzama kama inavyotakiwa, ina nafasi ya kutosha kuku wawili. Nilikuwa nimeshafunga kamba za viatu.

Mpira wa kwanza ukatengwa. Nyonga zake zikaanza kurudi nyuma, nikaiona bukta ikimkamata. Niliiona kwa macho yangu, kitambaa kikanyooka kwenye paja kama ngoma. Akakwama katikati ya safari. Akaruka kutoka pale alipokwama, si juu, mruko wa kawaida kabisa, wa mtu yeyote, na akaupiga mpira nje. Watu wakaguna. Nikainuka kwenye benchi. Baba mdogo akaninyooshea kiganja: kaa.

Mpira wa pili, vile vile, ukagonga wavu. Akajitazama kiunoni, akaivuta bukta chini, akaivuta juu. Wa Remera wakaanza kumtania. Mmoja akamuuliza kama amevaa nguo ya mdogo wake, na yeye, hata pale, akacheka. Mimi nilikuwa nahesabu. Nilijiambia mipira mitatu zaidi.

Wa tatu sikuuelewa. Ulitengwa kawaida, akaja kwa hatua zake, na mimi macho yangu yalikuwa kwenye nyonga kama ya yule mrefu yalivyokuwa kwenye nyonga. Tukasubiri zirudi. Hazikurudi. Alikuwa ameshajua kwamba huko nyuma hakuna nafasi, kwa hiyo hakwenda. Alikunja kidogo tu, vifundo vya miguu zaidi kuliko magoti, akatoka. Yule mrefu alikuwa bado anasubiri dalili na miguu yake iko chini. Mpira ukapita mahali ambapo mikono yake ilikuwa bado haijafika, ukapiga udongo, ukatoa vumbi.

Hakuruka juu. Nawaapia hakuruka juu, alikuwa chini ya kimo chake kwa kiganja kizima, kiganja changu nilichomwibia. Lakini aliwahi. Na mpira wa wavu, nilijifunza hilo siku ile nikiwa nimekaa, hauulizi umeruka kiasi gani, unauliza umeruka kabla ya nani.

Wa nne hivyo. Wa tano hivyo. Yule mrefu alianza kubahatisha, akaruka mapema, akashuka, na mpira ukampita akiwa anashuka. Akagombana na mwenzake. Seti ya kwanza ikaisha, tukashinda, na kamba za viatu vyangu zikabaki zimefungwa mpaka mwisho wa mechi. Watu walikuwa na sauti mpya, si ile ya chai ya moto. Ilikuwa fupi zaidi, kama mtu aliyeshtuliwa. Mama yangu alikuwa amepiga makofi mpaka unga wa chapati umemjaa kichwani.

Nililala na homa. Si homa ya kusema.

Jumatatu asubuhi akavuka barabara na bukta mkononi, imefuliwa, bado mbichi, na birika la chai kutoka kwa mjomba wake kama zawadi. Baba mdogo alikuwepo. Yule mtu akaweka birika kwenye cherehani yangu, akaniambia mbele ya baraza zima kwamba ile bukta imemfundisha kitu ambacho hakuna mtu aliyewahi kumfundisha, na anaomba nimshonee nyingine hivi hivi, nisiongeze wala nisipunguze. Alinishika bega.

Baba mdogo akanyoosha mkono, akaichukua ile bukta. Akaigeuza ndani nje. Akaitandika juu ya meza ya kukatia, akapitisha kidole kwenye mshono wa katikati, ule nilioushona mara tatu, akafika chini ya kitako akasimamisha kidole. Cherehani za wenzangu zikanyamaza. Mafundi wanasoma nguo kama wengine wanavyosoma barua, na barua ile ilikuwa ndefu.

"Umempima amesimama," akasema.

"Ndiyo."

"Ulisahau?"

Alikuwa amenifungulia mlango, unaona. Baba mdogo hakuwa mtu wa kuuliza anachokijua. Aliuliza ili niseme ndiyo, nilisahau, anikemee, chai inywewe. Nikautazama ule mlango. Lakini yule mtu alikuwa amesimama pale na mguu wake umekunjwa, ananitazama kwa shukrani, na shukrani yake ndiyo iliyonishinda. Ningeweza kuvumilia anizidi. Sikuweza kuvumilia anizidi na anipende.

"Sikusahau," nikasema. "Nilitaka usiruke."

Nilijiandaa kupigwa. Mwili wangu ulijiandaa wenyewe, mabega yakapanda, tumbo likakaza. Yeye akaitazama bukta, akanitazama mimi, halafu akaanza kucheka, kwanza puani, halafu mwili mzima, mpaka akakaa kwenye stuli ya wateja.

"Kaka," akasema akifuta macho, "basi endelea kuniroga hivyo hivyo."

Hata hasira alininyima. Nawaambieni, angenipiga ningekuwa rafiki yake mchana ule ule. Nilikaa na aibu yangu yote mikononi na hakuna aliyetaka kuipokea.

Baba mdogo hakucheka. Aliniambia mambo mawili, kwa sauti ya chini. La kwanza, nishone ile bukta ya pili kama ilivyoombwa, na kipimo nakijua. La pili, kona ya kushoto niisahau. Kuanzia jioni ile nitasimama katikati, nimtengee mpira. "Umemtazama kuliko mtu yeyote," akasema. "Hayo macho usiyatupe."

Niliishona. Nikamtengea.

Na nilikuwa mzuri, hilo nalo ni la kusema, kwa sababu wengine walikuwa wakisubiri waone anaruka ndipo wampe mpira, na kwake sasa hakukuwa na cha kuona. Mzamo umekwisha, nyonga hazisemi kitu. Lakini mimi nilijua kilichobaki. Kulikuwa na kitu shingoni, chini ya sikio, kamba moja ilikuwa inasimama kabla kisigino chake cha kulia hakijaguswa na uzito. Nikiiona, mpira ulikuwa umeshatoka vidoleni mwangu. Watu wa Remera walituita wachawi. Kuna siku chache, nne au tano, niliutenga chini kidogo makusudi, upana wa kidole, ili nione atafanyaje. Aliupiga vile vile. Akanikonyeza.

Tulicheza hivyo mwaka mzima. Katikati ya tisini na tatu mjomba wake alimrudisha Bujumbura akaoe, na aliondoka na bukta tatu za pazia. Baadaye huko kwao kukaharibika, halafu kwetu kukaharibika zaidi, na hayo ya tisini na nne sina mkono wa kuyaandika, wapo wenye mkono huo. Baba mdogo hayupo tangu wakati ule. Yule mtu sijui alipo. Kama yuko hai ana magoti mabaya sasa kama babu yangu, na nikiwazia hivyo nafarijika kidogo, halafu naona haya.

Kona ya kushoto sikurudi tena, hata alipoondoka. Baba mdogo aliniuliza kama naitaka, nikasema katikati pananitosha. Sikusema kweli. Nilikuwa nimeshasahau kuruka.

Ila kuna jambo sikumwambia mtu. Kila nilipomtengea mpira, mwaka ule wote, na kazi yangu ilikuwa imekwisha na sikuwa na la kufanya ila kusimama na kutazama, visigino vyangu vilikandamiza chini. Nyama ya nyuma ya mguu ikakaza, mgongo ukajivuta, mikono ikaenda nyuma. Mwili wangu wote ulijipanga tayari, kila mara, kwa ajili ya mruko ambao ulikuwa unarukwa na mtu mwingine hatua mbili kutoka kwangu. Yeye alipanda. Watu wakashtuka kwa furaha. Na mimi nilibaki chini na magoti yamekunjwa nusu, nikingoja yanyooke, na yalichelewa kunyooka.